Imam Abu Hanifa (R.A.) na Duka Lake la Nguo

  

 Katika jarida letu la mwaka huu tumeona tuwaletee maisha ya Imam Abu Hanifa (R.A.). Jina lake mnalijua katika somo la Fiqhi, kwani yeye ndiye mkubwa kwa umri katika Maimamu wanne: yeye alizaliwa mwaka 80 Hijria, Imam Malik mwaka 93, Imam Shafi mwaka 150 na Imam Ahmad mwaka 164. Lakini upo upande mmoja wa maisha yake ambao darasani tunaupita haraka haraka. Imam huyu mkubwa alikuwa muuza nguo. Alikuwa na duka, alikuwa na mshirika, alikuwa na wateja wa kila siku, na alikuwa na watu waliokopa wakashindwa kulipa, kama walivyo baba zenu na mama zenu.

Tumeuchagua upande huo kwa sababu. Wengi katika wanafunzi wetu wanatoka katika nyumba zinazoishi kwa biashara ndogo ndogo. Kuna wenye duka la rejareja, kuna wenye genge la mboga, kuna mafundi cherehani, kuna wauza mitumba, na kuna mama zetu wanaopika maandazi na vitumbua alfajiri. Wapo wanafunzi ambao wakitoka madrasa jioni hukaa dukani ili baba apumzike. Sasa mteja wa duka la mtaani si mpita njia. Ni jirani, ni mtoto wa jirani, ni mzee wa safu ya mbele msikitini. Duka la namna hiyo haliishi kwa mtu mmoja kununua mara moja, bali linaishi kwa mtu yule yule kurudi leo, kesho na mwakani. Basi ni kitu gani kinachomrudisha mteja? Wapo wanaosema ni maneno matamu, na wapo wanaosema ni kupunguza bei siku mbili tatu kisha kuipandisha. Tuyatazame maisha ya Imam, in shaa Allah tutapata jibu lililo bora zaidi.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WAKE

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Abu Hanifa ni kun-ya yake. Alizaliwa mwaka 80 Hijria, sawa na mwaka 699 Miladia, katika mji wa Kufa nchini Iraq. Wanahistoria wengi wanaeleza kuwa babu yake, Zuta, asili yake ilikuwa Kabul, katika nchi ambayo leo inaitwa Afghanistan.

Mji wa Kufa ulijengwa mwaka 17 Hijria (638 Miladia), wakati wa Ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), na aliyesimamia ujenzi wake ni Sahaba mtukufu Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Baadaye Sayyidna Ali (R.A.) aliufanya kuwa makao ya Ukhalifa wake. Wakazi wake walikuwa mchanganyiko wa Waarabu wa makabila mbalimbali, Waajemi na wengineo. Ulikuwa mji wa elimu, na pia ulikuwa mji wa soko. Kijana aliyekulia hapo aliweza kusikia hadithi za Mtume (S.A.W.) msikitini, kisha akatoka nje akasikia watu wakipatana bei.

Familia ya Imam ilikuwa ya wafanyabiashara wa nguo. Bidhaa yake kubwa ilikuwa kitambaa kinachoitwa khazz, ambacho katika zama zile kilifumwa kwa sufi na hariri na kilikuwa na thamani kubwa. Hivyo Nuuman alilelewa katika duka. Alijifunza kukitambua kitambaa kwa kukishika kabla hajajifunza kutoa hukumu za Fiqhi.

KUTOKA SOKONI KUINGIA KATIKA ELIMU

Imesimuliwa kwamba siku moja, akiwa kijana, alikuwa akipita kwenda sokoni akakutana na mwanachuoni mkubwa wa Kufa, Amir Ash-Shaabi. Sheikh huyo alimuuliza anakwenda kwa nani, naye akataja wafanyabiashara wa sokoni. Sheikh akamfahamisha kuwa alichokusudia kuuliza ni mwanachuoni gani anasoma kwake. Kijana akajibu kuwa ni mara chache tu anahudhuria kwa wanavyuoni. Sheikh akamnasihi ashikamane na elimu, kwani ameona kwake akili iliyo macho. Maneno yale yaliuingia moyo wa kijana.

Baada ya kupita katika elimu mbalimbali, alitulia katika Fiqhi kwa Sheikh Hammad bin Abi Sulayman. Alikaa naye miaka 18, mpaka Sheikh alipofariki mwaka 120 Hijria (738 Miladia). Hapo Abu Hanifa alikuwa na umri wa miaka 40 kwa hesabu ya Hijria, na wenzake wakamkalisha mahali pa mwalimu wake.

Tuzingatie jambo hili. Miaka yote hiyo Imam hakulifunga duka lake, bali aliendelea nalo kwa msaada wa washirika na mawakala. Kuna wazazi wanaodhani kuwa mtoto akisoma dini biashara imempita, na kuna wengine wanaodhani kuwa mtoto akiwa dukani dini haimhusu. Imam Abu Hanifa alivibeba vyote viwili, na kila kimoja kilikisaidia chenzake. Elimu ililisafisha duka, na duka likaipa elimu macho ya kuwaona watu jinsi wanavyoishi.

Mfano wake ni suala la mtu kununua kitu ambacho hajakiona. Imam Abu Hanifa alisema mauzo hayo yanasihi, lakini mnunuzi atakapokiona kitu chenyewe ana khiyari ya kukikubali au kukirudisha. Wanavyuoni huiita khiyari ya kuona. Imam Shafi, katika kauli yake ya mwisho, hakuyapitisha mauzo ya namna hiyo. Nasi hatukusudii hapa kupima madhehebu, kwani wote wawili walitaka mnunuzi asidhulumiwe. Tunachotaka mkione ni kwamba muuza nguo anajua vyema kuwa nguo iliyokunjwa haionekani yote. Anajua pia kuwa mnunuzi akifika nyumbani akaikunjua, ndipo atakapomjua muuzaji ni mtu wa namna gani.

DUKA LAKE LA KUFA

Duka la Imam lilijulikana mjini Kufa, karibu na nyumba ya Sahaba Amr bin Hurayth (R.A.). Yeye mwenyewe alikuwa mtu nadhifu, mwenye mavazi mazuri na mwenye kupenda manukato, kiasi kwamba imesimuliwa kuwa watu walimtambua kwa harufu yake nzuri kabla hawajamuona. Alikuwa mtu wa kunyamaza sana na wa maneno machache. Hatumsomi popote akisifu bidhaa zake kwa kupiga kelele. Wazee wetu walisema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza.

Alikuwa akiyashika aliyoagizwa. Imesimuliwa kuwa mtu mmoja alimwendea akitaka nguo ya khazz, akaeleza na rangi anayoitaka. Imam hakumpa nguo nyingine na kumwambia kuwa hiyo nayo ni nzuri vilevile. Alimtaka asubiri mpaka itakapopatikana. Haikupita Ijumaa nguo ikapatikana, na yule mtu alipopita Imam akamtolea. Sisi tunajua jinsi ilivyo kwa fundi au muuzaji anayemwambia mteja njoo kesho, na kesho ikifika humwambia njoo kesho kutwa. Mteja huyo haji kugombana. Anachofanya ni kupita upande wa pili wa barabara.

MWANAMKE ALIYEUZA KWA BEI NDOGO

Siku moja mwanamke alimjia Imam na nguo ya hariri akitaka kumuuzia. Imam akamuuliza bei, naye akataja dirhamu 100. Mfanyabiashara wa kawaida angefurahi na kutoa fedha upesi kabla mwanamke hajabadili mawazo. Imam alimwambia kuwa nguo ile ina thamani zaidi ya hapo. Mwanamke akaongeza 100, kisha 100 nyingine, mpaka akafika 400, na kila mara Imam alimwambia kuwa inazidi. Mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Imam akamtaka alete mtu mwingine aithamini. Akaletwa mtu, na Imam akainunua kwa dirhamu 500.

Wanafunzi wetu, zingatieni kwamba hapa Imam ndiye mnunuzi. Watu wengi wakisikia uaminifu wa dukani hufikiria kuuza tu. Lakini mfanyabiashara pia hununua, na mara nyingi hununua kwa mtu dhaifu kuliko yeye: mkulima aliyeteremsha ndizi zake akiwa na haraka ya kurudi kijijini, mvuvi ambaye samaki wake wataharibika jua likipanda, au mjane anayeuza cherehani ya marehemu mumewe ili alipe kodi ya nyumba. Kuutumia unyonge wa mtu kama huyo kuna faida ya siku moja. Mkulima naye ana masikio, na akishajua bei ya kweli hatakuletea tena.

BIBI KIZEE ALIYEOMBA BEI YA MTAJI

Bibi kizee mmoja alikwenda dukani kwa Imam akitaka nguo. Alimweleza kuwa yeye ni mtu dhaifu, na kwamba hilo analiacha katika amana yake, hivyo amuuzie kwa bei ile ile aliyoinunulia. Imam akamwambia aichukue kwa dirhamu 4. Bibi akakasirika, akamuomba asimcheze shere kwa sababu ya uzee wake. Imam akamfafanulia kuwa alinunua nguo mbili pamoja, kisha akaiuza moja kwa bei iliyorudisha mtaji wote isipokuwa dirhamu 4. Basi hii iliyobaki imesimama kwake kwa dirhamu 4 tu.

Katika Fiqhi ya biashara mauzo ya namna hii yana jina. Kuuza kwa bei ya mtaji bila faida huitwa tawliya, na kuuza kwa mtaji pamoja na faida inayotajwa huitwa murabaha. Wanavyuoni wanayaita mauzo ya amana, kwani mnunuzi hana njia ya kujua mtaji ni kiasi gani isipokuwa kwa neno la muuzaji. Akidanganya, mnunuzi atalipa huku anashukuru. Tunasikia kila siku sokoni muuzaji akiapa kuwa hapati hata senti, na kuwa bei hiyo ndiyo aliyonunulia, naye anajua moyoni mwake kuwa amezidisha nusu kwa nusu. Faida ni halali, na hakuna aliyemlazimisha kutaja mtaji. Lakini akishautaja, neno lake limekuwa amana mbele ya Allah (S.W.).

WADAIWA WAKE

Biashara ya mtaani haikosi mikopo, na hapa ndipo urafiki mwingi unapovunjika. Imesimuliwa kwamba Imam alikuwa akitembea na mwenzake, akamuona mtu mbele amegeuza njia ili asikutane naye. Imam akamwita, akamuuliza kwa nini amejificha. Yule mtu akaeleza kuwa anadaiwa na Imam dirhamu 10,000, muda umepita na hana cha kulipa, hivyo ameona haya. Imam alimsamehe deni lote papo hapo. Kisha akafanya jambo ambalo ni wachache wanaolifanya: yeye mwenye haki alimuomba msamaha mdaiwa, kwa fazaa na dhiki iliyomwingia moyoni kila alipomuona.

Aidha imesimuliwa kuwa hakukubali kukaa katika kivuli cha ukuta wa mtu anayemdai, akichelea kuwa kivuli kile kitakuwa manufaa yaliyotokana na mkopo, na hivyo kuingia katika shubuha ya riba. Tazameni tofauti iliyopo na yule anayekopesha kilo ya sukari, kisha akamfanya mdaiwa kuwa mtumwa wake, akimtuma dukani na kumfokea mbele ya watoto wake.

Hatusemi kuwa kila mwenye duka asamehe madeni yake yote, kwani duka litafungwa na familia italala njaa. Si kila mtu ana uwezo wa Imam Abu Hanifa, na mdaiwa mwenye uwezo anayekawia kulipa ni dhalimu. Wazee wetu pia walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na Qurani Tukufu imetuamrisha kuandika madeni. Tunachosema ni kwamba mwenye shida apewe muda, na asivunjiwe heshima yake. Mtu aliyefedheheshwa dukani hata akilipa harudi, na nyumba yake yote haitarudi.

MNUNUZI AMBAYE HAKUPATIKANA

Sasa tunafika kwenye kisa kizito kuliko vyote. Imam alikuwa na mshirika katika biashara aliyeitwa Hafs bin Abdur-Rahman. Siku moja alimpelekea bidhaa, akamfahamisha kuwa ndani yake imo nguo yenye kasoro, na akamtaka ambainishie mnunuzi kasoro hiyo wakati wa kuiuza. Hafs akauza bidhaa zote na akasahau kuibainisha. Alipoulizwa ni nani aliyeinunua, hakumjua. Mnunuzi alikuwa amekwenda zake.

Imam alipopata habari hiyo aliitoa sadaka thamani ya bidhaa zile zote. Hakutoa thamani ya ile nguo moja peke yake. Baadhi ya wasimulizi wanataja kuwa zilikuwa dirhamu 30,000.

Tukae kidogo na kisa hiki. Visa vilivyotangulia mtu anaweza kuvieleza kwa hesabu ya soko tu. Atasema kuwa yule bibi kizee aliwahadithia majirani zake, na kwamba mwenye kuagiza khazz alirudi tena mwaka uliofuata, hivyo uaminifu ulikuwa na faida. Hilo ni kweli, na hatuoni aibu kulisema. Lakini mnunuzi wa nguo yenye kasoro hakujulikana. Hakuja kulalamika, na pengine hakuiona ile kasoro maisha yake yote. Hakuna mteja hata mmoja aliyepatikana kwa zile fedha, na sadaka ile ilikuwa hasara tupu katika daftari la dunia.

Hapa ndipo tunapomtambua mfanyabiashara mwaminifu na kumtenga na mfanyabiashara mjanja. Mjanja humpimia vizuri mteja wa kila siku, kisha humpunja msafiri aliyeshuka kwenye basi mara moja. Kwa jirani mkubwa hutoa mkate wa leo, na kwa mtoto mdogo aliyetumwa na mama yake hutoa mkate wa juzi. Huyo hana uaminifu, ana hesabu tu, na hesabu zikibadilika naye atabadilika. Mwaminifu anapima sawasawa kwa sababu anajua kuwa anayemuona hapiti njia na wala hasafiri. Ndiyo maana Allah (S.W.) ameteremsha sura nzima iliyopewa jina la wale wanaopunja vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin.

La ajabu ni kwamba wateja hulijua jambo hili bila kuambiwa. Mtu akikuona unamrudishia mgeni chenji yake iliyozidi, moyo wake hutulia juu yako. Wala haikuwa ajabu kuwa watu wa Kufa walimletea Imam fedha na vitu vyao awawekee amana. Watu humpa amana yule ambaye wamemuona anakataa kisicho chake.

MALI YAKE ILIKWENDA WAPI

Imam alipata faida kubwa, na hakuificha chini ya godoro. Imesimuliwa kuwa alikuwa akikusanya faida ya mwaka, akawanunulia wanavyuoni na wapokezi wa hadithi chakula, nguo na mahitaji yao, na fedha iliyobaki akawagawia. Aliwataka wamshukuru Allah peke yake, kwani mali ile ni fadhila ya Allah iliyopitia mikononi mwake. Alipowanunulia watu wa nyumbani kwake, alitoa kiasi kama hicho kwa wanavyuoni.

Mmoja katika wanafunzi wake alikuwa kijana maskini, Abu Yusuf. Shida za nyumbani zilimkatisha darasa ili atafute riziki. Imam aligundua kuwa hayupo, akamuulizia, na aliporudi akampa mfuko wenye dirhamu 100, akamtaka asikose darasa na amfahamishe zitakapokwisha. Kila baada ya muda alimpa nyingine, hata kabla hajasema kuwa zimekwisha. Kijana yule alikuja kuwa Kadhi Mkuu wakati wa Khalifa Harun Rashid, na ndiye mwandishi wa kitabu mashuhuri cha Kharaj. Alifariki mwaka 182 Hijria (798 Miladia). Basi mtu aliyenunua kitambaa kwa Abu Hanifa alichangia, bila ya kujua, katika kumsomesha kadhi wa umma.

ALIYEJITOSHELEZA HANUNULIWI

Mwishoni mwa utawala wa Bani Umayya, gavana wa Iraq, Yazid bin Umar bin Hubayra, alimtaka Imam ashike cheo katika serikali yake. Imam alikataa, akapigwa mijeledi na hakubadilika. Baadaye aliondoka akaenda kukaa Makka.

Utawala ulipoingia mikononi mwa Bani Abbas, Khalifa Abu Jaafar Mansur naye alimwita Baghdad, mji mpya alioujenga, akamtaka awe kadhi. Imam alikataa tena. Alichelea kuwa kadhi wa serikali atalazimishwa kuhukumu kwa matakwa ya mtawala. Wala hakuzipokea zawadi za watawala. Alifungwa gerezani, na kwa mapokezi mengi alifariki akiwa kifungoni, mwaka 150 Hijria (767 Miladia), akiwa na umri wa miaka 70. Watu wengi mno walihudhuria maziko yake. Alizikwa katika makaburi ya Khayzuran, na mtaa ule wa Baghdad mpaka leo unaitwa Aadhamiya, kutokana na lakabu yake ya Imam Aadham, yaani Imam Mkubwa.

Huenda mwanafunzi akauliza kisa cha gereza kina uhusiano gani na duka. Tunasema kina uhusiano mkubwa. Mtu ambaye riziki yake inatoka kwa mkubwa mmoja, mkubwa huyo akikasirika riziki imekatika. Ama Imam, riziki yake baada ya Allah (S.W.) ilipitia kwa mamia ya watu wa kawaida walioingia dukani kwake kwa kumuamini. Hakuna mtawala aliyekuwa na ufunguo wa duka lile. Waliweza kuufunga mwili wake, lakini fatwa yake haikuuzwa.

Katika mwaka huo huo wa 150 Hijria, huko Ghaza, alizaliwa Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Imam Shafi alikwenda Iraq akasoma kwa Muhammad bin Hasan Ash-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Kwa hiyo hata sisi Mashafi tumekunywa katika kisima kile.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Wanafunzi wetu wapendwa, katika maisha haya tunajifunza mambo yafuatayo, nasi tunawaomba wazazi wayasome pamoja na watoto wao:

1. Kasoro ya bidhaa ibainishwe kabla ya fedha kupokelewa. Nyanya iliyopondeka iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Mteja akirudisha kitu chenye kasoro asifokewe, kwani sheria imempa khiyari.

2. Mtoto, mzee, mgeni na asiyejua bei wauziwe kwa bei ile ile anayouziwa mjuzi.

3. Ahadi ya siku itimizwe. Ikishindikana, mteja aambiwe mapema kabla hajapoteza nauli yake.

4. Mikopo iandikwe, mwenye shida apewe muda, na siri ya deni la mtu isitangazwe barazani.

5. Sehemu ya faida itoke kwa ajili ya elimu na wenye haja, hata ikiwa ni kidogo.

6. Na juu ya yote hayo ni nia. Anayefanya uaminifu ili wateja warudi atauacha siku atakapompata mteja asiyerudi. Anayeufanya kwa ajili ya Allah (S.W.) hatauacha, na wateja watarudi kwa idhini Yake.

Kijana unayekaa dukani jioni hii, mizani iliyo mbele yako ni darasa kama lile la madrasa. Akija mtoto mdogo ameshika noti mkononi wala hajui kuihesabu, huo ndio mtihani wako, na hakuna mwalimu aliyesimama nyuma yako.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Imam Abu Hanifa na Maimamu wetu wote, azibariki biashara za wazazi wetu, awaruzuku halali na awaepushe na haramu, na awajaalie watoto wetu kuwa wafanyabiashara wakweli na wanavyuoni wasionunulika. Amin. Wabillahi tawfiq.